Mlinzi, mgambo na konda: nani anaweza kukukamata stendi?

Ukishuka basi pale stendi ya Kange, kabla hujaifikia bajaji ya kukuingiza mjini, unapita mbele ya sare za kila namna. Kuna trafiki na nyeupe zake. Kuna mgambo wa jiji. Siku nyingine kuna maofisa wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wanaokagua mabasi. Kuna mlinzi wa kampuni na rungu lake, na kuna makonda. Kwa abiria wengi wa hapa Tanga wote hao ni "askari". Wakisema simama, mtu anasimama. Wakisema fungua begi, anafungua. Wakisema toa elfu kumi tuyamalize, anaingiza mkono mfukoni.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mtu akija kwangu na malalamiko ya stendi au ya daladala, swali langu la kwanza huwa ni hili: nani alikushika? Mara nyingi hajui. Anakumbuka rangi ya shati tu. Na bila kumjua aliyekushika huwezi kujua kama alikuwa na haki ya kukushika, kwa sababu mamlaka yanatoka kwenye sheria inayomhusu mtu huyo, hayatoki kwenye sare. Ndiyo maana nimeona niziandike dhana ninazokutana nazo, na ukweli wake kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara.

"Mlinzi wa stendi ni sawa na polisi"

Hapana. Mlinzi aliyeajiriwa na kampuni binafsi, hata awe na buti, kofia na redio ya mawasiliano, mbele ya sheria ni raia kama wewe. Kuwepo kwake pale kunatokana na mkataba kati ya kampuni na mwenye eneo au mwenye basi. Mkataba huo hauwezi kumpa mamlaka ambayo hata huyo aliyemwajiri hana.

Wanaochanganywa naye ni wengine kabisa. Polisi wana sheria yao, Sura ya 322, na sheria hiyo hiyo inawataja polisi wasaidizi. Bandari na reli zina vikosi vya Jeshi la Polisi, kwa hiyo anayekusimamisha kwenye geti la bandari anaweza kuwa polisi kamili. Mgambo naye ana sheria yake ya mwaka 1975, inayompa madaraka ya kukamata akiwa kwenye kazi ya mgambo. Ukikosea hapo ukamwambia mgambo aliye kazini kwamba yeye ni raia tu, unaweza kujiongezea kesi.

Njia salama ni kuuliza kwa heshima: "Samahani kaka, wewe ni wa wapi? Naomba kuona kitambulisho." Mlinzi mwaminifu atajibu jina la kampuni yake. Akijibu kwamba yeye ni polisi wakati si polisi, hilo ni kosa la jinai kwa upande wake.

"Kama si polisi, hawezi hata kunigusa"

Hii ni dhana ya vijana wengi, na inawaponza. Raia anaweza kumkamata mtu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mtu binafsi kumkamata anayetenda mbele yake baadhi ya makosa yanayotajwa na sheria hiyo, kwa mfano kuvunja amani. Inasema pia kwamba mtu anayekutwa akiharibu mali anaweza kukamatwa bila hati na mwenye mali, na watumishi wake, au na mtu aliyepewa idhini na mwenye mali. Hapo ndipo mlinzi anapopata nguvu yake. Ukipasua kioo cha basi kwa hasira ya kucheleweshwa, au ukachana siti kwa wembe, na mlinzi wa basi hilo anakuona, ana haki ya kukushika papo hapo, na kelele za "nionyeshe hati" hazitakusaidia.

Lakini angalia masharti yanavyobana. Awe ameona. Kuambiwa na mpiga debe kwamba "yule pale ndiye" si kuona. Kufanana na mtu aliyeiba wiki iliyopita si kuona. Kukimbia pia, kwa peke yake, hakumthibitishi mtu kuwa mwizi, na nitalirudia hili kwa yeyote atakayenisikiliza. Pale Ngamiani nimeona kijana akikimbia kuwahi gari la Pongwe, na nyuma yake mtu akapiga yowe la "mwizi!" Kilichomwokoa ni kwamba muuza matunda alimjua kwa jina na akasimama mbele ya watu.

Anayekamata ana wajibu wa kumwambia anayekamatwa kosa lake, isipokuwa pale ambapo mazingira yenyewe yanaonyesha wazi. Wajibu huo ni wa kila anayekamata, awe polisi au raia. Nguvu anayoitumia isizidi ile inayohitajika kumzuia mtu asitoroke. Kijana aliyekubali kusimama, mikono iko wazi, halafu bado anabebwa tanganyika jeki, yaani kuinuliwa kwa kiuno cha suruali, na kuzungushwa stendi nzima huku watu wanapiga picha: hapo mlinzi ameshatoka nje ya sheria, hata kama huyo kijana kweli ameiba.

"Akishanikamata, kesi yangu iko mikononi mwake"

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote, na ndipo watu wanapoumizwa zaidi.

Raia akishamkamata mtu anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama polisi hayupo karibu, ampeleke kituo kilicho jirani. Mamlaka yake yanaishia kwenye makabidhiano hayo. Mlinzi hachunguzi kesi. Hachukui maelezo ya kukiri. Hana chumba cha mahabusu. Ile tabia ya kumfungia mtu kwenye kibanda cha tiketi au stoo ya mizigo "mpaka bosi aje" inaweza kumgeuza mlinzi kuwa mshtakiwa, kwa sababu kumzuia mtu isivyo halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Kumpiga mtu aliyekamatwa hakuna sheria inayoruhusu. Hakuna. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mateso na adhabu za kinyama au za kudhalilisha, na inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo. Kama mtuhumiwa mwenyewe aliyefikishwa mahakamani analindwa hivyo, itakuwaje kwa yule ambaye hata kituo cha polisi hajakiona? Nasikia watu wazima wenye heshima zao wakisema, "Lakini huyo ni kibaka, mwacheni aonje." Nawaomba wafikirie siku ambayo ni mtoto wao ndiye ametajwa kimakosa.

Na kuhusu watoto nina neno. Wavulana wadogo wanaozunguka stendi wakiokota chupa ndio wa kwanza kushukiwa kitu kikipotea. Kwa sheria yetu mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kwa tendo lolote. Aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kufanya alichofanya. Na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kumchapa fimbo mtoto wa miaka tisa nyuma ya basi kwa ajili ya simu kutasababisha kesi moja tu, ya aliyeshika fimbo.

"Wana haki ya kupekua begi langu"

Inategemea unakoelekea. Mwenye basi au mwenye jengo anaweza kuweka ukaguzi wa mizigo kuwa sharti la kuingia. Mlinzi anasema, "Mama, naomba tuone begi," nawe unaamua. Ukikubali, anaangalia. Ukikataa, anaweza kukuzuia usipande, na suala la tiketi yako ukalijadili na ofisi. Lakini hawezi kukunyang'anya begi na kulimwaga chini. Upekuzi wa lazima ni wa polisi, nao una masharti yake. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Hili hata polisi wanafungwa nalo. Kwa hiyo dada, mlinzi wa kiume akikuambia fungua baibui au geuka nikupapase, kataa waziwazi na uite watu walio karibu washuhudie.

Binafsi nashauri watu wakubali ukaguzi wa kawaida wa mlangoni, hasa kwenye mabasi ya usiku na vyombo vya majini. Ni usalama wetu sote. 

"Ukidaiwa nauli, konda anaweza kushikilia simu"

Muuza dagaa mmoja alikuja kwangu ameshika ndoo tupu na machozi yanamlenga. Konda alidai shilingi 1,000 zaidi kwa ajili ya ile ndoo. Yeye akasema walipatana kabla ya kupanda. Konda akamchomoa simu iliyokuwa imekunjwa kwenye pindo la kanga na kumwambia, "Simu inabaki kwangu mpaka ulete elfu yangu." Tulienda wote kituo cha polisi. Konda alipoulizwa kwa nini ana simu ya mtu, aliirudisha kabla hata maelezo hayajaandikwa.

Nauli ni deni, na konda ana njia zake halali. Anaweza kukataa kukupakia. Anaweza kukushusha kituoni. Akiamini umemtapeli anaweza kwenda na wewe polisi. Kujilipa kwa kushika simu, kitambulisho cha NIDA au kadi ya benki si mojawapo ya njia hizo, na anayechukua mali ya mtu kwa nguvu anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa yeye.

"Tuyamalize hapa hapa" ni huruma

Inasikika hivyo. Mlinzi anashusha sauti, anakuita "mdogo wangu", anakuambia polisi watakulaza ndani, bora elfu ishirini. Mlinzi wa kampuni hana mamlaka ya kutoza faini yoyote. Na kama kweli kosa lililotendeka ni wizi, kuchukua fedha ili lifichwe ni kosa jingine. Faini halali hutozwa na ofisa aliyepewa mamlaka hayo na sheria, iwe ya barabarani au ya sheria ndogo za halmashauri, nayo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kutolewa risiti. Ukiombwa taslimu bila risiti na mtumishi wa umma, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113, bure.

Hofu ya kulazwa ndani nayo ina jibu. Anayeshikiliwa na polisi anatakiwa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na saa 24 ndizo kipimo cha kawaida. Kwa makosa mengi ana haki ya dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi.

"LATRA na trafiki ni kitu kimoja"

Trafiki ni polisi. LATRA ni mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri iliyokuwapo kabla yake, kwa upande wa usafiri wa ardhini, na kazi yake ni kumsimamia mtoa huduma: leseni, njia, nauli, tiketi. Daladala likikatisha ruti au likizidisha nauli, peleka kwao. Umeibiwa au umepigwa, nenda polisi.

"Mlinzi akishakupiga, huna pa kwenda kwa sababu alikuwa kazini"

Kuwa kazini hakumpi kinga. Siku hiyo hiyo, kabla uvimbe haujashuka, nenda kituo cha polisi. Kwa mjini wengi huenda Chumbageni. Toa taarifa, uandikishiwe RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), na uombe PF3, fomu ya polisi ya kupimwa majeraha hospitali. Nenda nayo hospitali, Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, daktari akupime na kuijaza. Hiyo PF3 ndiyo itakayozungumza mahakamani wakati majeraha yameshapona, na nimeona malalamiko ya kweli yakikosa nguvu kwa sababu tu mtu alienda kwanza nyumbani kukandwa maji ya moto akalala siku tatu. Andika jina la kampuni kwenye sare, namba ya gari na saa. Chukua namba ya simu ya abiria mmoja au wawili walioona. Na kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria kwa ajili ya watu kama wewe. Mtendaji wa kata yako anaweza kukuelekeza tulipo.