Mhasibu wa madaftari mawili

Mwaka 2016, mimi mwenye cheti cha uhasibu ukutani, nilikuwa natunza madaftari mawili ya nyumba moja. La kwanza lilikaa juu ya kabati la vyombo, mke wangu analiona: unga, sabuni, luku, ada ya mtoto. La pili lilikaa kwenye mkoba wa Biblia, nyuma ya kitabu cha nyimbo, na madeni yote yalikuwa humo. Shemeji, 350,000. Duka la Magomeni, 84,000. Rafiki tuliyesoma naye, 500,000, mbele yake alama ya kuuliza kwa sababu hata tarehe ya kumrudishia sikuthubutu kuiandika. Ofisini mtu akifanya hivyo tunamfukuza kazi. Mimi nyumbani nilijiita mtu wa imani.

Kazi yangu iliondoka na bomba la gesi. Wanaoijua Mtwara ya miaka ile wanakumbuka: nyumba za Shangani zilivyopanda kodi, magari meupe, kila kijana na fomu ya maombi mkononi. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, wakandarasi wadogo kama yule niliyemfanyia hesabu wakaanza kufunga virago, nami nikakabidhiwa barua ya ukurasa mmoja. Nilikaa miezi kumi na minne bila ajira.

Siku hizi usharikani kwetu mtu akibanwa, mchungaji humwambia, "Nenda kamwone mzee, chukua na karatasi zako." Wanakuja jioni. Nimeshasikia swali moja kwa namna nyingi: kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa, pale ambapo kazi hakuna na mwenye deni anapiga simu? Jibu langu ni jembamba na wengine huondoka hawajaridhika. Ni kuwa na daftari moja. Mungu alisome, mkeo alisome, na anayekudai alisome ukurasa unaomhusu.

Jibu hilo nililipata kwa mjane wa 2 Wafalme 4. Kisa hiki huhubiriwa sana kwa ajili ya mafuta yaliyofurika, na hapo ndipo wengi hukomea. Kisome kama mhasibu. Mume amekufa akiwa mcha Mungu, na ameacha deni. Mcha Mungu, na ana deni: maneno hayo mawili yamekaa kwenye mstari mmoja bila kuona haya. Mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mjane hamwendei Elisha kusema "Bwana ni mwema, tunaendelea vizuri". Anataja deni, anamtaja anayemdai, anataja na kitakachochukuliwa.

Kisha swali la nabii: una kitu gani nyumbani? Hilo ni swali la ukaguzi wa mali. Mama anajibu kwanza kwamba hana kitu, halafu anajirekebisha, ila chupa ya mafuta. Kila anayekuja kwangu hujibu hivyo hivyo. "Mzee, sina kitu." Tukikaa nusu saa tunakuta cherehani ya marehemu mama iliyovunjika mkanda, leseni ya udereva iliyoisha muda, miche hamsini ya mikorosho shambani kwa babu Nanyamba ambayo hajaipalilia miaka mitatu.

Sehemu inayoniuma mimi ni inayofuata. Nabii anamtuma akaazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, na asiazime vichache. Hebu fikiria. Mtaa mzima unaona mama anapita nyumba kwa nyumba anaomba ndoo, mitungi, masufuria, na kila mwenye nyumba anauliza, "Vyote hivi vya nini, mama?" Kabla mafuta hayajatoka, siri imeshatoka. Mimi nisingeenda. Ningeazima kwa shemeji peke yake tena usiku, na mafuta yangekoma kwenye sufuria moja.

Na muujiza unaishia wapi? Sokoni. Enenda ukauze, ulipe deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kinachobaki. Deni halikufutwa mbinguni, lililipwa. Ndiyo maana huwa nakosa subira na wahubiri wa kwenye simu wanaomwambia mtu asiye na kazi "panda mbegu" ya elfu hamsini ili Mungu amfungulie. Mwaka jana kijana mmoja alikopa hiyo mbegu. Nilimuuliza: kama shamba ni la Mungu, kwa nini namba ya kutuma pesa ni ya mtu?

Hapo hapo huulizwa habari ya zaka. Nasema kama mhasibu aliyeokoka: mkopo si kipato. Ukikopa laki mbili ukatoa elfu ishirini madhabahuni, umemtolea Mungu mali ya aliyekukopesha. Ukiuza mihogo ukapata elfu tano, toa mia tano kwa furaha, wala mtunza hazina asikuangalie kwa jicho la pembeni. Kwetu jicho hilo nalichunga mwenyewe, maana mtunza hazina ndiye mimi.

Kuna mstari mwingine unaotumiwa kama fimbo: asiyefanya kazi na asile. Paulo hakuandika hivyo. Katika 2 Wathesalonike 3:10 aliandika "ikiwa mtu hataki kufanya kazi". Hataki. Neno hilo moja linatenganisha mvivu na yule kibarua anayesimama getini tangu alfajiri msimu wa korosho, wanahesabiwa watu arobaini, yeye akiwa wa arobaini na moja. Huyo wa arobaini na moja yumo kwenye Biblia, Mathayo 20. Saa kumi na moja jioni bado amesimama sokoni, anaulizwa kwa nini amekaa bure, anajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Bwana wa shamba hakumwita mvivu. Alimpa kazi ya saa moja na ujira wa siku nzima. Natamani wazee wenzangu wa kanisa wakumbuke hili kabla ya kumuuliza kijana, "Bado tu hujapata kitu?"

Sasa turudi kwenye karatasi. Kijana wa majuzi alikuja na bahasha ya kaki yenye mikopo minne, yote ya ile inayoitwa kausha damu, mikopo midogo ya riba kubwa. Alichukua wa pili kulipa wa kwanza. Nilimwekea hesabu ya mmoja tu: amepokea 200,000, anarudisha 65,000 kila wiki kwa wiki nne, jumla 260,000. Yeye aliita riba ya asilimia thelathini kwa mwezi. Nikamwambia ni zaidi ya hapo, maana hiyo laki mbili hukai nayo mwezi. Wiki mbili zikiisha umesharudisha 130,000, mkononi imebaki 70,000 ya pesa yao, na faida ya elfu sitini unadaiwa ile ile. Alinyamaza. Halafu akasema, "Mzee, mbona hawakusema hivyo?"

Tuliandika yote kwenye ukurasa mmoja. Chakula, pango na dawa ya mtoto juu. Chini yake madeni, na pembeni ya kila deni, kilichowekwa rehani. Halafu likaja lile wanalolichukia: kumpigia anayekudai kabla ya siku ya malipo, siyo baada yake. "Shikamoo, kaka. Ijumaa nitakuwa na elfu ishirini, si sitini na tano. Nipangie upya." Baadhi hutukana. Wengi, nimeona, huwa wanapunguza wiki, kwa sababu hata wao wanapendelea elfu ishirini ya kweli kuliko simu iliyozimwa. Imani ya kupiga simu ile ni kubwa kuliko ya kufunga siku tatu. Nimejaribu zote mbili.

Nilimuuliza pia kama alikuwa na ajira rasmi. Alikuwa nayo, miaka miwili, na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yalikuwa yanaonekana kwenye hati ya mshahara. Hakujua kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2018 kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia walau miezi 18 na kuachishwa bila hiari yake hupata theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Alikuwa ameomba mkesha mzima Mungu afungue mlango, na dirisha la ofisi liko hapa hapa mjini. Simcheki. Mimi nilikuwa hivyo.

Kwa wakulima wetu jaribu lina jina lake, kangomba. Katikati ya mwaka, dawa ya salfa imeshapulizwa kwenye mikorosho, mnada wa Oktoba uko mbali, mtoto anatakiwa shule. Anakuja mtu na noti mkononi, anainunua korosho yako ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa. Hakuna mzani wala risiti, na sheria inakataza. Msimu ukifika, jirani anapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, wewe unapeleka kwa yule bwana gizani. Huwa nawaambia kwamba mtu wa kwanza kuuza kangomba ni Esau, na yeye angalau alipewa dengu zimeshaiva. Wanacheka, halafu kuna mmoja au wawili wanaoinamisha vichwa.

Siwahukumu. Sisi watu wa Kusini tumeshaahidiwa mengi. Wazee wa Nachingwea wanasimulia mradi wa karanga wa Waingereza uliokuja 1947 na kuachwa 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Likong'o, Lindi, wamelisikia jina la mradi wa gesi kwa miaka. Kwa hiyo nikifundisha habari ya Eliya kwenye kijito cha Kerithi, sikomei kwa kunguru waliomletea chakula. Nakaa kwenye 1 Wafalme 17:7: kijito kikakauka, kwa sababu mvua haikunyesha. Mtumishi alikuwa pale pale alipotumwa, hana kosa, na maji yakaisha. Maandiko yanatoa sababu ya hali ya hewa, hayatafuti dhambi ya Eliya. Mkataba ukiisha, mara nyingi ni mkataba umeisha.

Na hakupewa kijito kingine. Alipelekwa kwa mjane mwenye konzi ya unga, yaani kwa mtu maskini kuliko yeye. Hilo nalo lilinichukua muda kulimeza. Nilikuwa nasubiri msaada utoke kwa wenye nazo, wale tuliokuwa tukila nao enzi za magari meupe.

Siku mke wangu alipolikuta daftari la pili, hakupiga kelele. Alikuwa anatafuta wimbo namba fulani kwa ajili ya jumuiya. Alilisoma lote amesimama, kisha akachukua lile la juu ya kabati, akakaa chini, akaanza kunakili madeni yangu kwa mwandiko wake, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye ile alama ya kuuliza aliinua macho: "Huyu tunamlipa lini?" Nilikuwa nimeomba "utupe leo riziki yetu" kila asubuhi kwa miezi tisa, na nafikiri ile ndiyo asubuhi ya kwanza niliyosema leo nikiwa namaanisha leo.

Jioni ile ile alikwenda kwa jirani yetu, bibi mmoja Mwislamu anayeuza samaki wa kukaanga, akamweleza hali kama ilivyo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akarudi naye hadi mlangoni, amebeba beseni la bluu lenye mihogo na vibua vitatu, akasema kesho mke wangu aje wakaange pamoja, mkono wake mmoja umeanza kuuma. Tulikula kutokana na biashara ile hadi nilipopata kazi ya hesabu kwenye ghala, Machi mwaka uliofuata.

Beseni lile bado liko kwetu, limepasuka kidogo ukingoni. Kila mwaka mke wangu anasema lirudi, nami namwambia halirudi tupu. Wiki hii tumevuna mbaazi.