Vumbi la mbao na uvimbe wa ubongo: maswali ya mafundi seremala

Fundi mmoja hapa Magongo, Mombasa, alianguka kifafa akiwa kwa mashine ya randa, mtu wa miaka arobaini na kitu, hajawahi kuanguka maishani, watu wakasema ana shetani mpaka picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe. Tangu siku hiyo wenzake hawaniachi na maswali.

Ni hili vumbi la mbao lilimuingia kichwani?

La. Vumbi la mbao laleta kansa, hilo halina ubishi, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, walilitia kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta kansa, tangu 1995, lakini ni kansa ya pua na ya vile vishimo vya ndani ya mifupa ya uso, sio ya ubongo. Mbao ngumu ndio mbaya zaidi. Na mvule haungoji kansa, ukishaupiga msasa wajua vile macho yawasha na kifua chabana. Uvimbe wa ubongo mara nyingi chanzo chake hakipatikani.

Si mwili una askari wake wa kinga, walikuwa wapi?

Walikuwepo, tena hapo ndio pana kisa. Ubongo una askari wake waitwao maikroglia, waingia humo mtoto akiwa bado tumboni, kazi yao kusafisha uchafu na kula vijidudu. Sasa ukitokea uvimbe mkali kama glioblastoma, ule uvimbe wenyewe wawaita kwa kemikali, waja wao na ndugu zao makrofeji kutoka kwa damu, wengi ajabu, waweza kuwa thuluthi au karibu nusu ya seli za donge zima, halafu wageuzwa: badala ya kuua wasaidia mishipa ya damu ya kulisha donge imee na wazizima seli T ambazo ndio wauaji. Yaani umemuweka bawabu, warudi wamkuta barazani na wezi awamiminia kahawa.

Hakuna dawa ya kuwaamsha?

Zipo za kuziamsha seli T, utafiti wake ndio uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel 2018, na zimesaidia sana kansa ya ngozi. Lakini moja ya dawa hizo, nivolumab, ilipojaribiwa kwa glioblastoma iliyorudi haikurefusha maisha kushinda dawa iliyokuwepo. Mwaka 2024 madaktari wa Boston walitoa ripoti ya wagonjwa 3 waliotiwa seli T zilizoundwa upya, uvimbe ukanywea ndani ya siku chache tu, ila kwa wawili ukarudi. Bado safari.

Na mimi karakanani nifanye nini?

Leso ya kufunga mdomoni haizuii ule unga mwembamba, tafuta maski ya N95. Ukiweza funga mashine ya kufyonza pale pale vumbi linapotokea. Usifagie kukavu, nyunyiza maji kwanza. Na hii tabia ya jioni kujipuliza nguo na kompresa, wacheni jamani, lile vumbi lote larudi puani, lingine walipeleka nyumbani kwa watoto.

Dalili gani za kukimbilia hospitali?

Pua kuziba upande mmoja wiki baada ya wiki, au kutoka damu. Kichwa kuuma ukiamka pamoja na kutapika, mkono kulegea, maneno kukupotea, kifafa cha mara ya kwanza ukubwani. Nenda hospitali ya Makadara kwanza, shetani atangoja. Na mtu akianguka karakanani zimeni mashine, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni kama mlivyofanya siku ile.