Nyota Moja kwa Sababu Wimbo Wako Haumo

Jana usiku, kinyume na ahadi niliyojiwekea, nilisoma tena maoni ya wateja kuhusu mkusanyiko wa vibao nilioushughulikia mwenyewe. Maoni ya juu kabisa yalikuwa ya nyota moja, na sababu yake ilikuwa ile ile ninayoifahamu kama jina langu: kuna wimbo ambao mteja anaupenda, wimbo huo haumo, na kwa hiyo aliyekusanya nyimbo hizi hajui muziki. Nimeivumilia hukumu hii kwa miaka mingi. Nimeambiwa kwamba miaka ya themanini niliisikia kwa kusimuliwa, kwamba nilichagua nyimbo nikiwa nimesinzia, na kwamba mtoto wa darasa la tatu angefanya kazi nzuri zaidi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mteja huyu anaamini kwamba mkusanyaji huingia katika ghala lisilo na mlango, akachota anachokipenda na kuacha anachokichukia. Laiti ingekuwa hivyo. Mkusanyiko wa vibao si orodha ya nyimbo bora. Ni orodha ya nyimbo zilizoruhusiwa, zikapangwa kwa ustadi ili msikilizaji asiyaone mapengo. Masta, yaani rekodi yenyewe ya wimbo, ina mwenyewe, utunzi una mwenyewe, na mara nyingi wenyewe hao hawasalimiani. Kampuni ya kurekodi inaweza kukubali huku mkataba wa msanii ukimpa haki ya kukataa wimbo wake usiingizwe katika mkusanyiko wowote. Msanii akikubali, meneja wake atataka kujua ni nani wengine waliomo. Zaidi ya hayo kuna kifungu kinachosema kwamba hakuna atakayelipwa chini ya mwenzake, maana yake ukimwongezea mmoja kidogo ili aseme ndiyo, umewaongezea wote arobaini, na bajeti yako imekwisha kabla hujafika sidii ya pili.

Kwangu mimi kazi huanza na jedwali. Kila wimbo una mstari wake, na kila mstari una rangi: kijani ni ruhusa iliyosainiwa, manjano ni mazungumzo yanayoendelea, nyekundu ni hapana. Wimbo ambao mteja wangu wa nyota moja anaulilia ulikaa katika manjano kwa wiki kumi na moja. Kampuni ilikubali katika wiki ya pili. Meneja naye alikubali, kwa sharti kwamba wimbo uwe wa kwanza kwenye sidii ya kwanza, na kwamba bendi fulani, iliyovunjika zamani na ambayo wanachama wake wengi wameshaacha muziki, isionekane popote kwenye sidii hiyo. Nafasi ya kwanza nilikuwa nimeshaiahidi kwa maandishi kwa msanii mwingine. Nikapendekeza nafasi ya kwanza kwenye sidii ya pili, nikaeleza kwa kirefu kwamba sidii ya pili nayo ina mwanzo wake, hoja ambayo hadi leo sioni kasoro yake. Barua ya kukubali ilifika siku mbili baada ya majalada kwenda kiwandani. Niliupaka mstari ule rangi ya kijani kwa heshima, kisha nikaufuta.

Anayedhani kwamba haya ni matatizo yangu peke yangu na aitazame historia. Mfululizo wa Now That's What I Call Music ulianza Uingereza tarehe 28 Novemba 1983, ukiwa na nyimbo 30 kwenye santuri mbili, 11 kati yake zikiwa zimewahi kushika nambari moja. Haukuzaliwa na mtu mwenye masikio ya miujiza. Ulizaliwa na kampuni mbili, Virgin na EMI, zilizotambua kwamba badala ya kuwakodisha wengine vibao vyao zingeweza kuviuza zenyewe. Mwaka uliofuata kampuni nyingine mbili za kurekodi, CBS na WEA, zikajibu kwa mfululizo wao, The Hits Album. Tangu hapo, mnunuzi aliyeshangaa kwa nini kibao fulani hakimo katika mfululizo mmoja alipaswa kuanza kwa kuisoma nembo ya kampuni iliyo katikati ya singo yake, ile santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande.

Kisha kuna mkusanyiko unaofuata kanuni kavu, ambao nilidhani ungewanyamazisha watu. Albamu ya The Beatles iliyotoka Novemba 2000 ina nyimbo 27, zote zilishika nambari moja Uingereza au Marekani, na jina la albamu yenyewe ni tarakimu moja tu: 1. Kanuni imeandikwa kwenye jalada, kubwa kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo watu bado wanalalamika kwamba Strawberry Fields Forever haumo. Wimbo huo ulitoka mwaka 1967 kwenye singo moja na Penny Lane. Uingereza singo hiyo iliishia nafasi ya pili, nyuma ya mwimbaji Engelbert Humperdinck, na Marekani ni Penny Lane peke yake uliofika kileleni. Haumo kwa sababu hesabu imeukataa. Anayetaka kubishana kwa haki angeshika wimbo wao mwingine, Please Please Me, ambao mwaka 1963 uliongoza chati za majarida ya Melody Maker na NME lakini ukawa wa pili kwenye chati ya Record Retailer, ambayo ndiyo iliyokuja kutambuliwa kama kumbukumbu rasmi ya miaka hiyo. Mtu akiniandikia kuhusu Please Please Me, ninampa kiti na ninamsikiliza. Bado hajatokea.

Wimbo huo huo unaeleza fumbo jingine ambalo wateja hulitatua kwa matusi. Mikusanyiko ya bei ya chini inayotoka Ulaya hujaa nyimbo za miaka ya hamsini, kisha hukatika ghafla mwishoni mwa mwaka 1962, na mteja huandika kwamba mkusanyaji alichoka njiani. Hakuchoka. Haki za rekodi za sauti barani humo zilikuwa zikidumu miaka 50, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukaziongeza hadi 70 bila kuzirudishia ulinzi zile zilizokuwa zimeshaisha muda. Rekodi zilizotoka hadi mwisho wa 1962 zikabaki huru, na zilizotoka kuanzia Januari 1963 zikafungiwa mlango kwa miaka 20 zaidi. Ndiyo maana Love Me Do, nao wa The Beatles, uliotoka Oktoba 1962, unaweza kuwekwa na mtu yeyote anayelipa haki za utunzi, ilhali Please Please Me, uliofuata miezi mitatu baadaye, hauguswi bila ruhusa ya mwenye masta. Kilichoonekana kuwa uvivu wa mkusanyaji ni tarehe katika sheria.

Malalamiko mengine nitayapita haraka, kwa kuwa hayahitaji mtaalamu. Kuna anayeupa mkusanyiko wa miaka ya sabini nyota mbili kwa sababu nyimbo zake ni za zamani. Kuna anayesikitika kwamba juzuu ya pili haina nyimbo za juzuu ya kwanza. Kuna anayekiri kwamba nyimbo zote anazo tayari, jambo ambalo orodha iliyo nyuma ya kasha ingemweleza bure. Kuna wa nyota tano ambaye hajafungua kifurushi, kwa kuwa ni zawadi ya shemeji yake, na huyo, nikiwa mkweli, sijawahi kumwandikia barua ya kumsahihisha.

Linaloniudhi hasa ni neno halisi. Wateja huandika kwamba nyimbo zetu si halisi, kana kwamba kila wimbo una nakala moja tu iliyofungiwa kabatini na sisi tukaamua kutumia nyingine kwa ubaya wa roho. Wimbo uliotamba kwa kawaida una toleo la singo, toleo la albamu, pengine rimiksi, yaani toleo lililochanganywa upya, iliyochezwa zaidi kuliko yote mawili, na masta iliyosafishwa upya miaka ishirini baadaye. Mteja aliyeujua wimbo kupitia redio anataka toleo la singo, lenye dakika tatu na nusu. Aliyenunua albamu anataka la dakika sita, lenye gitaa la mwisho. Kila mmoja huliita lake halisi na la mwenzake bandia, na wote wawili huandika chini ya bidhaa ile ile, mmoja akisema tumekata na mwingine akisema tumerefusha.

Kukata kwenyewe kulianza kwa sababu za kimaumbile kabla ya kuwa kosa la mtu. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba vizuri dakika ishirini na kidogo. Ukizidisha, mifereji inabanana, inalazimika kuchongwa kwa kina kidogo, na muziki unatoka ukiwa mdogo na besi ikiwa imenyongwa. K-tel, kampuni ya Kanada iliyouza mikusanyiko kwa matangazo ya televisheni, ilijaza nyimbo 20 au zaidi kwenye santuri moja, na piga hesabu mwenyewe kila wimbo ulibakiwa na dakika ngapi. Hata wakubwa hawakupona. Hey Jude, wenye dakika 7 na sekunde chache, ulipoingizwa kwenye mkusanyiko wa The Beatles uliotolewa Marekani mwaka 1982 ulifupishwa hadi dakika 5 hivi. Sidii ilipokuja na dakika zake 74, na baadaye karibu 80, sababu hiyo ikafa, lakini masta zilizokatwa zilibaki kwenye maghala, na mara nyingine ndizo zinazotumwa ukiomba wimbo.

Halafu kuna rekodi zilizoimbwa upya, na hapa ndipo ninapoomba mteja apunguze sauti kidogo. Msanii ambaye masta zake zinamilikiwa na kampuni anaweza, muda wa katazo la mkataba ukiisha, kurudi studio na kuurekodi wimbo wake mwenyewe tena, ili masta mpya iwe yake. Bendi ya roki ya Def Leppard ilifanya hivyo mwaka 2012 kwa baadhi ya vibao vyake, ilipokuwa katika mgogoro na kampuni yake. Taylor Swift alianza kuzitoa zake mwaka 2021, albamu nzima nzima. Mtunzi ni yule yule na koo ni lile lile, limezeeka kidogo. Je, hiyo ni bandia? Mimi huiita rekodi ya pili, na ninataka iandikwe hivyo kwenye jalada kwa herufi zinazosomeka. Pale inapofichwa kwa maandishi madogo kama ya dawa, mteja ana haki ya kukasirika, na nitakasirika pamoja naye.

Bandia ya kweli ni jambo jingine, nayo ina historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya sitini, Uingereza ilikuwa na santuri za bei rahisi ambamo waimbaji wasiotajwa waliviiga vibao vya mwezi huo neno kwa neno. Mwaka 1971 baadhi ya santuri hizo zilifika nambari moja kwenye chati ya albamu, kisha kanuni zikabadilishwa na zikaondolewa. Miongoni mwa waliofanya kibarua hicho kabla ya kupata jina alikuwa Elton John. Kwa hiyo huenda mtu mahali fulani aliirudisha dukani santuri yenye sauti ya Elton John kwa madai kwamba aliyeimba hakuwa mwanamuziki halisi.

Kuhusu ukubwa wa sauti nitasema machache. Rekodi ya 1976 na ya 2004 hazikutengenezwa kwa kiwango kimoja. Ukiziacha zilivyo, msikilizaji atashika kitufe cha sauti katika kila wimbo, na ukizilinganisha, utakuwa umeibana ya zamani au umeishusha ya karibuni. Hulalamikiwa kwa vyote viwili.

Sasa niyakiri yangu, maana si haki nicheke upande mmoja. Nyimbo za kujazia zipo. Ukifika wimbo wa kumi na sita wa sidii ya pili na ukajiuliza ni nani aliyewahi kuuomba huu, jibu ni kwamba hakuna. Ulikuwa wa kampuni inayotulipa, ruhusa yake ilipatikana kwa simu moja, na mwimbaji wake alikuwa na albamu mpya ya kutangazwa. Mpangilio wa nyimbo nao, ambao hutajwa kama sanaa, mimi huufanya kwa kusikiliza sekunde kumi za mwisho za wimbo mmoja na kumi za kwanza za unaofuata, na sina nadharia yoyote ya kwa nini baadhi hushikana na nyingine hugongana. Aidha, sina hakika tena kwamba kazi hii inahitajika, wakati kila mtu anaweza kujipangia nyimbo zake kwenye simu bila kumwomba meneja yeyote ruhusa.

Kuna pia maoni ya nyota moja ambayo nimeyahifadhi. Mwandishi wake alidai kwamba wimbo wa tisa haukuwa wa asili, kwa sababu ngoma iliingia pigo moja mapema kuliko inavyopaswa. Nilicheka, nikawasomea wenzangu kwa sauti, kisha jioni, nikiwa peke yangu, nikaweka singo ya zamani upande mmoja na sidii yetu upande mwingine. Niliisikiliza mara tatu. Ngoma iliingia pigo moja mapema. Kampuni ilikuwa imetuma faili la rekodi ya pili, karatasi ilisema ni ya kwanza, na sahihi ya kuthibitisha kwamba imesikilizwa na kukubaliwa ilikuwa yangu. Sehemu iliyobaki ya maoni yake ililalamikia kasha lililofika likiwa na ufa, na sikuthubutu kubisha.