Je, wajua kwa nini kiporo cha asubuhi hufuta miaka ya deni la nyumba?

Jirani yangu hapa Sahare, Tanga, huenda kazini kwa baiskeli. Nyuma kafunga chupa ya chai kwa mpira, na mbele kwenye kikapu kuna hotipoti yenye kiporo cha wali wa nazi wa jana, kimepashwa, na maharage kidogo juu yake. Wenzake walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Hesabu yake ni fupi: chai na chapati za mgahawani zingemtoka shilingi 2,000 kila asubuhi, siku za kazi 25, basi ni 50,000 kwa mwezi. Hiyo 50,000 haiendi kwenye kibubu. Huipeleka benki, juu ya rejesho la kawaida la mkopo wa nyumba.

Mtu atauliza, sasa 50,000 itafanya nini mbele ya deni la milioni 40?

Tuchukue mfano huo huo: mkopo wa milioni 40, miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka. Si riba ya kubuni, maana mikopo ya nyumba nchini kwa miaka mingi imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Rejesho linakuja kama 559,800 kila mwezi. Mwezi wa kwanza benki hupiga riba kwenye milioni 40 nzima: asilimia 15 gawanya kwa miezi 12 ni asilimia 1.25, yaani shilingi 500,000. Kwa hiyo katika 559,800 uliyolipa kwa jasho, riba imekula 500,000, na deni lenyewe limepungua kwa 59,800 tu.

Soma tena hapo. Karibu laki sita zimetoka mfukoni, na deni halikupungua hata elfu sitini.

Ndiyo maana watu wanalipa miaka mitano, wanaomba taarifa ya mkopo, wanarudi nyumbani wamenuna. Katika mfano wetu, baada ya miaka mitano umeshatoa zaidi ya milioni 33, lakini bado unadaiwa kama milioni 34 na laki saba. Deni linabaki nusu yake mwanzoni mwa mwaka wa 12. Hakuna aliyekuibia. Riba hupigwa kwenye salio lililobaki, na mwanzoni salio ni kubwa, basi nayo ni kubwa.

Sasa irudishe ile 50,000 ya chai. Riba ya mwezi huo umeshaimaliza kwa rejesho la kawaida, kwa hiyo nyongeza yote inaangukia kwenye deni la msingi. Mwezi wa kwanza, badala ya kupungua 59,800, deni linapungua karibu 110,000. Mwezi unaofuata riba inapigwa kwenye salio dogo zaidi, na rejesho lako lilelile linakata zaidi, na hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi. Ukiendelea hivyo, mkopo wa miezi 180 unakwisha kwa miezi 138. Miaka mitatu na nusu imefutika, na fedha yote uliyotoa inapungua kwa takriban milioni 16 na nusu. Nyongeza zako zote hazikufika milioni 7.

Wakati nao una uzito. Milioni moja ya ziada ikilipwa mwanzoni kabisa hufuta marejesho kama 15 ya mwishoni. Milioni hiyo hiyo ukiipeleka umebakiza mwaka mmoja, inakuokolea pungufu ya laki mbili. Ndiyo maana anayesema "nitajibana watoto wakimaliza shule" anajibana wakati faida imeshapita.

Kubana nako kuna akili yake. Mimi siamini katika kuhesabu vijiko vya sukari, ni kutia watu wa nyumbani unyonge bure. Fedha inavuja kwenye mambo machache makubwa: bodaboda ya kila siku, chakula cha nje, na kwetu Tanga, sare za shughuli. Kila harusi doti mpya ya kanga, na mchango juu. Jirani na mkewe waliamua mchango watatoa, sare hapana. Mama huvaa ya shughuli iliyopita. Mchele wananunua gunia wakati wa mavuno, machungwa ya Muheza msimu wake, na mchicha umeota nyuma ya jiko. Jikoni hawakosi nazi. Nazi ikikatazwa nyumba itavunjika kabla deni halijaisha.

Kabla ya kuiga, soma mkataba. Hesabu hii yote inasimama kwenye riba ya salio linalopungua. Kama riba ilipigwa moja kwa moja kwenye mkopo mzima tangu siku ya kwanza, kulipa mapema hakukupunguzii kitu mpaka mkopeshaji akubali. Uliza pia kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda. Na unapopeleka nyongeza, andika barua kwamba ni ya kupunguza deni la msingi. Usipoandika, inaweza kukaa tu ikisubiri kuwa rejesho la mwezi ujao.

Kwa waliochukua njia ya murabaha kukwepa riba, mambo ni mengine. Pale benki imenunua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyokwisha tajwa, nayo bei haipandi wala haishuki yenyewe. Ukimaliza mapema, punguzo ni hisani ya muuzaji, basi muulize kabla ya kusaini.

Kama una deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, lianze hilo, riba yake ni kubwa kuliko ya nyumba. Weka pia akiba kidogo pembeni, kwa sababu fedha ukishaiingiza kwenye deni la nyumba hairudi usiku mtoto akipelekwa hospitali ya Bombo.

Jirani amebakiza miaka miwili. Kaniambia keshauliza utaratibu wa mwisho: benki itatoa hati pamoja na barua ya kuondoa rehani, naye ataipeleka kwa Msajili wa Hati ili rehani ifutwe kwenye daftari, maana wengi huchukua hati wakaifungia kabatini huku daftarini nyumba bado iko rehani. Bahasha ya plastiki ya kuitia hiyo hati ameshainunua. Shilingi 500, pale sokoni Mgandini.