Shaka kuhusu mitume na faradhi kwa anayefikiria kusilimu

Mtu anayefikiria kusilimu huwa na maswali mawili aliyoyafunga fundo moja. Nitaaminije kwamba Muhammad ni mtume wa Mungu, na niwaweke wapi Yesu, Musa na wengine niliowajua tangu utotoni? Kisha papo hapo: swala tano kila siku nitaziweza? Na funga ya mwezi mzima je? Yote mawili huyaita shaka. Lakini la pili si shaka, ni hofu ya kushindwa, na hukumu yake katika dini ni nyingine kabisa. Wapo wanaobaki nje ya Uislamu kwa miaka ilhali mioyo yao imekwisha kuamini, kwa kuwa tu hakuna aliyewatenganishia mambo haya mawili.

Shaka, kwa wanazuoni, ni moyo kusimama katikati bila kuegemea upande wowote: huenda ni kweli, huenda si kweli. Kinyume chake ni yakini. Wasiwasi ni wazo linalopita moyoni bila kualikwa, na mwenyewe analichukia. Masahaba walimwendea Mtume wakamwambia kwamba hupata nafsini mwao mambo ambayo wanaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyapata hayo, wakasema ndiyo. Akawajibu kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, mkusanyiko mashuhuri wa hadithi za Mtume, na kinachosifiwa ndani yake ni lile chukizo walilokuwa nalo.

Kuuliza nako si shaka. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahim anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama haamini. Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa kwa swali hilo. Aliambiwa achukue ndege wanne, akaonyeshwa.

Sasa mitume. Shahada ina sehemu mbili: hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah, na Muhammad ni mtume wa Allah. Wengi huivuka sehemu ya kwanza bila taabu, wakakwama kwenye ya pili. Huuliza: kama namwamini Mungu mmoja, mtume wa nini tena? Jibu la Uislamu ni kwamba kujua kuwa Mungu yupo ni jambo moja, na kujua anataka aabudiwe vipi ni jambo jingine, na hili la pili halipatikani kwa kukisia. Ndiyo maana hakuna kusilimu kwa nusu ya shahada.

Kwa anayetoka katika Ukristo, uzito huwa kwa Yesu. Huambiwa haraka haraka kwamba "na sisi tunampenda Nabii Isa", na ni kweli: kumwamini ni sharti, na Sura ya 19 ya Qurani ina jina la mama yake, Maryam. Isa katika Qurani amezaliwa na bikira, anaitwa Masihi, anaponya vipofu na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu. Lakini si Mungu, si mwana wa Mungu, na hakusulubiwa. Mambo haya matatu yanagusa kiini cha imani aliyokuwa nayo mtu huyo, na ni haki yake kuyajua kabla ya kutamka shahada, si wiki mbili baadaye. Anayemwalika mtu katika Uislamu huku akimpunguzia ukubwa wa jambo hili anamdhulumu, hata kama nia yake ni njema.

Kuhusu mitume wengine, mzigo ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Qurani imewataja kwa majina 25, na Sura ya Ghafir, aya ya 78, inasema wapo ambao habari zao hazikusimuliwa. Anayesilimu hatahiniwi habari zao. Inamtosha kuamini kwa jumla kwamba Mungu alituma mitume na wote walisema kweli. Kisha kila anapojifunza habari ya mmoja wao katika Qurani, anaipokea.

Anayebaki ni Muhammad mwenyewe, na hapo ndipo uchunguzi wenye maana ulipo. Kuna namna mbili za kuchunguza ambazo napenda kila mwenye shaka azijue. Ya kwanza ni ya Khadija, mke wa Mtume. Mwaka wa 610 mumewe alirudi kutoka pango la Hira akitetemeka, akiomba afunikwe, akiihofia nafsi yake. Khadija hakuanza na muujiza. Alimkumbusha tabia yake: unaunga udugu, unawabebea wanyonge mizigo yao, unamkirimu mgeni, Mungu hawezi kukufedhehesha. Ushahidi wa kwanza wa utume ulitoka kwa mtu aliyemjua ndani ya nyumba.

Ya pili ni ya mtu wa mbali, Heraclius, mfalme wa Roma ya Mashariki. Ilipomfikia barua ya Mtume, alimwita Abu Sufyan, kiongozi wa Makureshi, kabila la Mtume huko Makka, aliyekuwa bado adui, akawaweka wenzake nyuma yake ili wamkadhibishe akidanganya. Kisha akamhoji. Nasaba yake ikoje? Kuna aliyedai hivi kabla yake miongoni mwenu? Kuna mfalme katika mababu zake? Wanaomfuata ni wakubwa au wanyonge? Wanaongezeka au wanapungua? Mlikuwa mkimtuhumu uongo kabla hajadai utume? Huvunja ahadi? Abu Sufyan alisema baadaye kwamba lau si aibu ya kunukuliwa kuwa ni mwongo, angemdanganya. Lakini alilazimika kukiri kwamba hawakuwahi kumtuhumu uongo. Heraclius akasema: hawezi kuacha kuwadanganya watu kisha akamdanganya Mungu. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari, mkusanyiko mwingine wa hadithi, na maswali yake yanamfaa yeyote hadi leo. Nawe chukua sira, yaani habari za maisha ya Mtume, uisome tangu mwanzo hadi mwisho, vita na ndoa zote humo, badala ya kuokota vipande vinavyorushwa na watetezi au wapinzani.

Uchunguzi huo unahitaji muda, na muda huo umeruhusiwa. Baada ya kufunguliwa Makka mwaka wa 630, Safwan bin Umayya, mpinzani wa Mtume aliyekuwa amekimbia, alirudi kwa amani aliyopewa. Akamwita Mtume mbele ya watu, angali juu ya farasi wake, akitaka kuthibitisha kama ni kweli amepewa miezi miwili ya kufikiri. Akaambiwa ashuke. Akakataa kushuka mpaka abainishiwe. Mtume akamwambia: bali una miezi minne. Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi. Safwan alitoka na Waislamu kwenda vitani Hunayn na Taif akiwa bado hajasilimu, na akasilimu baadaye kwa hiari yake. Kwa hiyo anayekuharakisha kwa sababu ya harusi iliyo karibu, au kwa kuwa jamaa wanangoja, hana cha kutegemea hapo.

Faradhi zinakuja baada ya hayo. Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh Yemen, alimwelekeza awaite watu kwanza kwenye shahada. Wakiitikia, awajulishe swala tano. Wakiitikia, awajulishe zaka. Bi Aisha, mke wa Mtume, naye amesema kwamba zilizoteremka mwanzo zilikuwa sura zenye kutaja Pepo na Moto, na lau jambo la kwanza lingekuwa "msinywe pombe", watu wangesema hawataiacha kamwe. Hukumu zenyewe leo zimekamilika, pombe ni haramu tangu siku ya kwanza ya Uislamu wako. Ila katika kufundisha, imani hutangulia.

Faradhi zenyewe zikitazamwa kwa karibu zina mipaka. Swala za faradhi ni rakaa 17 kwa siku, na mgonjwa asiyeweza kusimama huswali amekaa au amelala. Mgonjwa na msafiri huacha kufunga wakalipa siku nyingine. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5, tena kwa aliyefikisha kiwango na mali ikatimiza mwaka. Hija ni kwa mwenye uwezo. Kubadili jina si sharti, ila kama jina lina maana mbaya. Kutahiriwa, ambako madhehebu hutofautiana kama ni wajibu au sunna, si sharti la kusihi Uislamu wa mtu.

Lililo zito ni kutofautisha kupinga na kushindwa. Anayesema swala si faradhi amekanusha sehemu ya dini yenyewe. Anayekiri kuwa ni faradhi kisha ikampita kwa uvivu ametenda dhambi kubwa, lakini kwa wanazuoni walio wengi bado ni Mwislamu na mlango wa toba u wazi. Basi swali la kujiuliza kabla ya shahada si "nitaweza yote?" bali "naamini kwamba haya ni haki juu yangu?" Ukijibu ndiyo, usingoje uzoee swala kwanza. Ukijibu bado, endelea kusoma na kuuliza, wala usitamke usichokiamini ili kumridhisha mtu.

Na kwa anayeogopa kwamba hajui hata neno moja la Kiarabu: alikuja mtu kwa Mtume akasema hawezi kuhifadhi chochote katika Qurani, afundishwe kitakachomtosha. Akafundishwa aseme Subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar, wala haula wala quwwata illa billah. Wanazuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa ruhusa kwa asiyejua Al-Fatiha, sura ya kwanza ya Qurani inayosomwa katika kila swala: huswali kwa dhikri hizo, huku akijifunza sura hiyo aya moja moja.