Gramu 249, na kamera juu yake

Malalamiko ya droni yanayofika mezani kwangu ni nadra kuhusu ndege iliyomwangukia mtu. Watu wanalalamika kutazamwa. Siku moja alikuja mama mmoja na kijana wa jirani yake, kila mmoja amenuna upande wake. Droni ya kijana ilikuwa imeganda hewani juu ya ua, mama yuko kwenye kamba anaanua nguo. Kijana akaigeuza ndege yake juu chini, akanionyesha kibandiko kilichobanwa tumboni: gramu 249. "Iko chini ya 250, kanuni hazinigusi," akasema.

Mama hakungoja nijibu. "Mwanangu, mimi sikuulizi uzito. Nakuuliza ilikuwa inatafuta nini uani kwangu."

Kijana hakuitunga hiyo 250. Mwaka 2015, Marekani ilipokuwa inaandaa usajili wa droni, jopo la wataalamu lilipiga hesabu ya kichwa cha binadamu: kitu cha gramu 250 kikishuka kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde kinatua na nishati ya juli 78 hivi, na mstari wa hatari ukawekwa kwenye juli 80. Nchi nyingi zikaichukua namba hiyo. Ni hesabu ya fuvu. Kamera haimo humo hata kidogo.

Umoja wa Ulaya uliliona pengo hilo. Tangu tarehe 31 Desemba 2020, mwenye droni yenye kamera anatakiwa kujisajili hata kama ni nyepesi, isipokuwa kama imetengenezwa kuwa kifaa cha kuchezea watoto. Uingereza nayo, kuanzia Januari 2026, inamtaka mwenye droni yenye kamera ajisajili ikiwa ndege ina gramu 100 au zaidi. Kwa maoni yangu hao wamejibu swali la yule mama, angalau nusu yake.

Na hata kwenye usalama, wepesi usikudanganye. Januari 2025, mji wa Los Angeles ukiwaka moto, mtu alirusha droni yake kutoka juu ya jengo la kuegesha magari ili aone moto. Ilikwenda zaidi ya kilomita 2, akaipoteza machoni, ikagonga ndege ya kumwaga maji na kutoboa bawa lake. Ndege ilitua salama, lakini ilikaa chini siku kadhaa wakati inahitajika kuliko wakati wowote. Droni yenyewe ilikuwa chini ya gramu 250. Ndiyo maana tunasisitiza kuiona droni kwa macho yako mwenyewe muda wote. Skrini ya simu inakuonyesha mbele tu, haikuonyeshi kinachokuja ubavuni.

Sasa tuingie kwenye fundo ambalo wengi hawalisemi. Usalama wa anga unamwambia mrushaji ashuke: kikomo cha kawaida ni mita 120 hivi, ili abaki chini ya ndege zenye abiria. Faragha inamwambia apande. Chukua droni ndogo ya kawaida yenye lenzi pana na video ya 4K, yaani yenye picha kali sana. Ikiwa mita 100 kutoka kwako, uso wako unachukua kama nukta nne za picha kwa upana; hata mama yako mzazi hawezi kukutambua. Ikiwa mita 10, nukta zinafika 40, na hapo unatambulika. Kwa hiyo droni inayopita juu sana ikivuma kama nyuki huenda haina habari nawe, na ile iliyotulia usawa wa paa ndiyo ya kuuliza. Zipo zenye lenzi ya kuvuta vya mbali karibu, na hizo zinaiharibu hesabu yangu yote.

Ardhi yangu, anga yangu? Swali hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946, kesi ya mfugaji aliyepitiwa na ndege za jeshi mita 25 tu juu ya shamba lake, kuku wake wakijibamiza ukutani hadi kufa. Mahakama ilisema umiliki haupandi hadi mbinguni, ila mwenye ardhi ana haki ya anga iliyo karibu na matumizi yake. Karibu kiasi gani, haikusema. Warushaji na majirani wanabishana ndani ya ukimya huo hadi leo.

Usijaribu kuitungua, tafadhali. Betri ya lithiamu iliyopasuka inaweza kuwaka, na jiwe lako nalo litaangukia mahali.

Warushaji wana kilio chao pia. Marekani imetaka droni zinazosajiliwa zitangaze hewani utambulisho wake na mahali mrushaji aliposimama. Mwenye simu na programu inayofaa anaweza kuona. Anayerusha peke yake uwanjani anahofia kuvamiwa, na sioni kwamba hofu hiyo ni ya kupuuzwa.

Kijana wetu alikubali tuitazame video pamoja. Ilikuwa mapaa, mti, mapaa tena, kisha sekunde chache za ua na mgongo wa mama. Akaifuta kwenye kadi ya kumbukumbu, mama akaona.

"Na ya kwenye simu?" mama akauliza.

Kijana akanitazama. Programu nyingi za kuongozea droni huhifadhi nakala hafifu ya kila safari ndani ya simu, na yeye hakuwahi kuifungua sehemu hiyo. Tuliikuta na safari zake zote tangu ainunue.