Mbwa jike akitolewa kizazi haachi kuwinda

"Mtoe kizazi, umeua mwindaji." Wenye mbwa wa kuwindia huipenda sana kauli hii, na ushahidi wao ni jike fulani mnene anayehema hata kabla jua halijapanda. Unene ni kweli. Sababu ndiyo wameikosea.

Hamu ya kufuata harufu haikai kwenye ovari, vifuko vya mayai vinavyoondolewa katika upasuaji huo. Hutoka kwenye mbegu ya ukoo na mafunzo. Mtazame pointer, mbwa wa kuwindia ndege, wa miezi mitatu anapoletewa bawa la kware: ghafla anaganda, mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Joto, yaani kipindi cha kutaka dume, hajalijua bado. Jike asiyetolewa kizazi naye hupata joto takriban kila miezi sita, kwa wiki tatu hivi. Miezi kama miwili baada ya hapo ovari hutulia kwa miezi kadhaa, na porini anachapa kazi vilevile. Kinachovuruga msimu ni joto lenyewe: madume wanasahau ndege, na yeye baadaye anaweza kupata mimba ya uongo.

Akishatolewa kizazi, mwili huhitaji chakula pungufu huku hamu ya kula ikipanda. Ukimjazia bakuli lilelile, umemnenepesha wewe. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zisipopapasika, punguza.

Suala la kujadili na daktari wa mifugo ni umri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa 2013 ulihusisha upasuaji kabla ya mwaka mmoja na matatizo zaidi ya maungio ya mifupa kwa mbwa wa aina ya golden retriever. Lakini kutomfanyia kabisa kunamwachia hatari ya usaha kwenye kizazi, unaoweza kumuua.